Sura ya Kumi na Nane

Nimefundisha kemia miaka thelathini na minne, shule ile ile, maabara ile ile, bomba lile lile linalovuja, na sura ya kumi na nane sijawahi kuifundisha hata siku moja. Siyo kwamba siijui. Naijua mpaka nukta zake. Tatizo ni kwamba iko mwisho wa kitabu, na wa mwisho kufika mezani hukuta sufuria limeshakwanguliwa.

Mwaka mmoja upepo uling'oa paa la maabara wiki ile ile ya sura hiyo. Mwaka mwingine kukawa na michezo, darasa zima likaenda kushangilia na kurudi halina sauti. Mwaka mwingine walikuja wakaguzi wa vyoo, nikaambiwa nisimamie vyoo kwa kuwa eti mimi ndiye mtu wa dawa. Mwaka mwingine nilijifungua. Mtoto huyo sasa ana ndevu. Basi kila mwaka, wiki moja kabla ya mtihani wa taifa, nilisimama mbele ya darasa nikasema maneno yaliyonikaa kooni kama mwiba wa samaki: "Swali la kumi na nne ni la mionzi. Lirukeni."

Wakaliruka. Shule yetu ina vizazi vya warukaji. Yule bwana anayepiga picha za mifupa hospitalini ni mwanafunzi wangu, naye aliliruka. Mkuu wa shule mwenyewe ni mwanafunzi wangu, nilimfundisha sura kumi na saba tukaishia hapo.

Mwaka huu nikafikisha sitini. Barua ikaja na mhuri wake: Ijumaa, mwisho wa kazi, utumishi wako unakoma. Mume wangu alifurahi, akaninunulia kuku wawili na kuniwekea kiti barazani. Mimi nilisoma barua ile nikafikiria jambo moja tu. Nikaapa kwamba sitoki kwenye geti lile kabla sijafundisha sura ya kumi na nane, yote, vizuri, mara moja katika maisha yangu. Na watoto walikuwa na haki yao pia, maana baada yangu hakuna mwalimu wa kemia anayekuja. Wamepewa mwalimu wa michezo ashikilie kwa muda.

Sasa sikiliza vituko. Safari hii kilichonizuia siyo upepo wala vyoo. Ni sherehe ya kuniaga mimi mwenyewe. Jumatatu watoto wangu wakachukuliwa kufanya mazoezi ya wimbo wa kuniaga. Jumanne vilevile. Jumatano wakaenda kupamba ukumbi. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hakuimbii.

Alhamisi mchana nikaenda ofisini kwa Mkuu. Aliposikia viatu vyangu akasimama. Ana gari, ana tai, ana ofisi yenye pazia, lakini nikiingia anasimama na kuficha mikono nyuma, kana kwamba nitamkagua kucha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nataka darasa langu."

"Lakini Mwalimu, watoto wapo kwenye wimbo wako."

"Wimbo wenyewe unasemaje?"

Akakohoa. "Unasema... 'Miaka thelathini na minne, hakupoteza kipindi hata kimoja.'"

"Na wiki hii umenipotezea vingapi?"

Akahesabu kwa vidole. "Vitano."

"Basi chagua. Ama ubadilishe wimbo, ama unipe darasa."

Akaanza kunibembeleza. Afisa Elimu anakuja, ratiba imeshachapwa, ukumbi umeshapambwa. Nikamtazama tu. Mtazamo huo nimeulea kwa miaka mingi na haujawahi kuniangusha. Mwishowe akasalimu amri: Ijumaa, kuanzia saa mbili hadi saa tatu na nusu asubuhi. Saa nne kamili, sherehe.

"Lakini Mwalimu, hayo mambo ya mionzi... Kuna mzazi amenipigia simu. Anauliza kama mtoto wake atarudi nyumbani anang'aa."

"Mwambie mwanawe hajawahi kung'aa kwenye somo lolote, asiwe na wasiwasi."

"Na hutaleta kile kitu chenyewe? Chenye sumu?"

"Nitaleta vifuniko vya soda."

Akashusha pumzi. Kisha akaingiwa na shaka tena. "Vya soda gani?"

Nikatoka bila kumjibu. Mtu mzima na akili zake!

Ijumaa saa mbili kamili darasa langu lilikuwa limekaa, wanafunzi arobaini na sita, nusu yao na utepe wa sherehe shingoni. Nikafungua kitabu cha darasani. Kurasa za sura ile hazijawahi kuguswa, zilikuwa bado zimeshikana pale zilipokatwa kiwandani, ikabidi nizitenganishe kwa rula. Rula iliniponyoka mara mbili, jamani. Mimi niliyezoea kumimina tindikali bila kupepesa jicho.

Nikawaambia hivi. Atomi nyingi zimetulia, hazina neno na mtu. Lakini zipo ambazo kiini chake hakijatulia. Siku moja, bila taarifa, kiini kinavunjika, kinatupa mionzi nje, na atomi inageuka kuwa kitu kingine kabisa. Itavunjika lini? Hakuna ajuaye. Ukiwa nazo nyingi unaweza kusema nusu yake zitakuwa zimevunjika baada ya muda fulani, na muda huo ndio tunauita nusu-uhai. Ukiwa nayo moja tu, hujui lolote.

"Hata ukiichemsha, Mwalimu?" akauliza mmoja wa mbele.

"Hata ukiichemsha. Hata ukiigandisha, ukiikandamiza, ukiichanganya na asidi, ukiipigia magoti. Kiini hakishurutishwi. Sikio la kufa halisikii dawa, na kiini hakisikii chochote."

"Na ikizeeka?"

"Atomi haizeeki. Iliyokaa miaka milioni na iliyotengenezwa jana asubuhi, nafasi zao za kuvunjika ni sawasawa. Haikumbuki imekaa muda gani."

Hapo darasa lote likanitazama kwa jicho ambalo sikulipenda. Nikapiga meza kwa rula.

"Simameni!"

Nikamgawia kila mmoja kifuniko cha soda. Nyumbani nilikuwa nimekijaribu kimoja mara mia kwenye meza ya jikoni, mume wangu akidhani ndiyo uzee umeingia, na meno yake ya ukingoni yalikaa juu mara arobaini na tisa. Yanatosha. Sheria ikawa hii: kila mmoja wenu ni atomi. Nikigonga rula, rusha kifuniko mezani. Meno yakiwa chini, bado u mzima, endelea kusimama. Meno yakiwa juu, umevunjika, kaa.

Nikagonga. Vifuniko vikalia meza nzima. Wakabaki ishirini na watano. Nikagonga tena, wakabaki kumi na mmoja. Kisha sita. Kisha wawili. Mpigo wa tano akabaki mmoja. Niliandika kila hesabu ubaoni, na mstari ule ukashuka ubaoni jinsi ulivyochorwa kitabuni, na watoto wakaona kwa macho yao kwamba hakuna aliyeupanga. Nikasikia mmoja anamnong'oneza mwenzake, "Kumbe ni kweli." Miaka thelathini na minne nilikuwa nasubiri mtu anong'one hivyo.

Aliyebaki amesimama alikuwa Mlingoti. Wenzake walimpa jina hilo kwa urefu wake. Akisimama maabara yangu inakuwa ndogo. Ana sauti ya kuita watu ng'ambo ya pili, ndiyo maana alipewa kuongoza wimbo wa kuniaga. Mwaka jana alipata alama kumi na tisa kwenye kemia. Nikamshika, kila saa ya chakula cha mchana tulikaa wawili maabara, yeye anatafuna kalamu mimi natafuna meno, na muhula huu akapata hamsini na moja. Jumatatu alikuwa ameniuliza, "Mwalimu, yule wa michezo anajua kemia?" Nikamjibu kwamba anajua filimbi. Hakucheka.

Mpigo wa sita, meno chini. Wa saba, chini. Wa nane, chini. Darasa likaanza kumshangilia. Nikawaonya kwamba kushangilia hakusaidii, lakini nani alisikia.

Mpigo wa tisa kifuniko chake kilizunguka, kikagonga mguu wa bomba, kikatulia. Meno juu. Niliyaona kwa macho yangu haya na miwani ilikuwa usoni. Mlingoti akakifunika kwa kiganja.

"Bado, Mwalimu," akasema.

Akanitazama. Alijua nimeona. Na mimi nilijua kwamba anajua.

Darasani kwangu ukivunja chombo nakusamehe. Ukimwaga dawa nakusaidia kupangusa. Lakini ukipika matokeo, yaani ukaandika ulichotaka kuona badala ya ulichoona, hapo mimi na wewe hatuelewani. Niliwahi kumwoshesha mtu vyombo vya maabara muhula mzima kwa sababu ya namba moja ya uongo. Huyo mtu leo ndiye Mkuu wa shule. Basi nikafungua mdomo niseme. Nikaitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini na tano, zimebaki dakika tano za ualimu wangu wote.

Nikageuka ubaoni nikaandika: mpigo wa tisa, amebaki mmoja. Mkono huu huu.

Kengele ikalia. Hakuna aliyeinuka.

"Tokeni, mnasubiriwa ukumbini."

"Mwalimu, atomi bado," wakajibu kwa pamoja. "Umesema haishurutishwi."

Laiti wangekuwa wananisikiliza hivyo tangu kidato cha kwanza.

Saa nne kasoro dakika kumi Mkuu akaingia, tai mpya, shada la maua mkononi. "Mlingoti, twende, wewe ndiye unaanzisha wimbo."

"Siwezi, Mkuu. Sijavunjika."

Mkuu akanigeukia. "Anaumwa?"

"Ni atomi," nikasema, na sauti yangu mwenyewe ikanishangaza kwa utulivu wake.

"Nakuamuru ukae, utoke, uende ukumbini!"

Nikagonga rula. Mlingoti akarusha, akafunika. "Bado." Na wale wengine arobaini na watano wakainamisha vichwa wakaandika kwenye madaftari. Nikachungulia la karibu. Limeandikwa: Jaribio la kwanza, amri. Hakuna badiliko.

Mkuu akapandwa na hasira. Akafunga madirisha yote saba kwa mikono yake, eti kama hawataki kutoka basi wakae waive na joto lao. Jasho likatutoka, maua yakalegea. Rula, kifuniko, kiganja, bado. Jaribio la pili, joto. Hakuna badiliko. Alipoona joto linampata yeye zaidi, akaagiza kreti la soda baridi kutoka kwenye meza ya wageni, akamwekea Mlingoti chupa yenye barafu mbele yake. Jaribio la tatu, baridi. Mlingoti alikunywa soda yote na kushukuru, lakini hakukaa. Ndipo akaita walimu wote wa zamu waingie wamzunguke, wakabanana maabara mpaka mwalimu wa michezo akakalia beseni la kunawia. Jaribio la nne, mgandamizo.

"Nampigia mama yake," akasema Mkuu, na akaweka simu kwa sauti ya juu.

"Mwanangu, umefanya nini tena?" ikasema simu. Nyuma yake cherehani ilikuwa inakimbia.

"Nimesimama, mama."

"Umesimama juu ya nini?"

"Sakafuni."

Cherehani ikanyamaza. "Mkuu, samahani, sijaelewa. Kusimama sakafuni ni kosa?"

"Siyo kosa, mama, ila ni... ni suala la atomi."

"Haya. Mwanangu, usiguse kitu usichokijua. Mimi nina magauni matatu ya kumaliza." Akakata. Jaribio la tano, mzazi. Hakuna badiliko.

Nilikuwa nacheka. Nakiri. Nilicheka mpaka nikashika meza, lakini kila rula ilipogonga niliacha kutazama kifuniko. Niliangalia dirisha. Niliangalia bomba linalovuja. Kila "bado" iliniongezea dakika, nami nilizipokea kama mtu anayepokea chenji iliyozidi na kuitia mfukoni upesi.

Mkuu akavuta stuli akaketi. Akalegeza tai. "Mwalimu, ameshasimama muda mrefu hivi. Si lazima sasa kifuniko kianguke meno juu?"

"Si lazima. Hakikumbuki kilivyoanguka mwanzo."

"Kwa hiyo kusubiri sana hakumsogezi karibu?"

"Hata kidogo. Kila mara anaanza upya."

Akatoa kalamu mfukoni, akageuza ratiba ya sherehe akaanza kuandika nyuma yake. Sijawahi kumwona anaandika bila kulazimishwa.

"Unajua Mwalimu, kwenye mtihani wangu nililiruka swali la kumi na nne," akasema akiwa ameinama. "Nilikosa alama tatu za kuingia udaktari."

"Pole," nikasema.

"Wala si pole. Yamepita. Nataka tu kujua jibu lilikuwa nini."

Saa nne na robo Afisa Elimu, aliyechoka kukaa peke yake kwenye ukumbi wenye viti mia mbili, akaja kututafuta. Ni mtu mnene, mpole, anayependa taratibu kuliko chakula. Walimu wakamfungulia njia.

"Kuna nini hapa?"

"Mheshimiwa," Mkuu akasimama, "tunasubiri atomi."

"Ameandaliwa kiti?"

Ikabidi aelezwe. Akaelezwa na darasa zima kwa mpigo, na cha ajabu walieleza vizuri. Viini, mionzi, nusu-uhai, vyote walivipanga. Nilisimama pembeni na machozi yakanilenga, maana sikuwa nimesikia watoto wa shule hii wakiitaja sura hiyo isipokuwa kwa kuiruka. Afisa akasogea ubaoni akahesabu kwa kidole.

"Tangu mpigo wa tano hadi wa kumi na tisa, mmoja tu, hashuki? Lakini hili ni jambo kubwa! Hili lazima liingie kwenye taarifa." Akaguna kwa raha. "Mwalimu, jaribio hili halijakamilika."

"Halijakamilika," darasa likaitikia.

"Basi kuna kanuni." Akafungua mkoba, akatoa kijitabu, akalamba kidole akafunua kurasa. "Hii hapa. Mwalimu hataondolewa katikati ya somo la vitendo ambalo halijakamilika. Nadhani waliiandika kwa sababu ya mioto." Akatoa karatasi, akatoa mhuri mdogo kutoka mfuko wa koti, akaupulizia. "Utumishi wako unaendelea mpaka atomi hii ivunjike. Iwe kesho, iwe baada ya mwaka mmoja. Wewe weka sahihi hapa tu, kwamba matokeo yaliyo ubaoni ni ya kweli."

Maabara ikalipuka kwa vifijo. Mwalimu wa michezo ndiye aliyeshangilia kuliko wote, maskini, hajui hata chumvi inatengenezwaje. Mlingoti alikuwa anatabasamu meno yote nje, kiganja juu ya kifuniko. Alichotakiwa kufanya ni kusema neno moja kila asubuhi. Mimi nilitakiwa kuandika jina langu.

Nikachukua kalamu. Msinione mtakatifu. Nilishaanza herufi ya kwanza. Nilishaona muhula ujao, sura zote kumi na nane, bila haraka, na watoto hawa wakiingia chumba cha mtihani hawaruki kitu. Nikajiambia kwamba uongo wa kifuniko kimoja cha soda haumuumizi mtu.

"Mwalimu," akasema Mkuu, ananipa ile ratiba yake kwa mikono miwili, "hebu nisahihishie kwanza. Nimeandika hitimisho."

Mwandiko wake haujabadilika, bado unapanda mlima. Alikuwa ameandika: Atomi isiyotaka kuvunjika, haivunjiki.

Nikasoma mara mbili. Nikachukua daftari la yule wa mbele. Ameandika vilevile kwa maneno mengine: Atomi ikipendwa sana hubaki. La jirani yake vilevile, na amepigia mstari kwa wino mwekundu. Arobaini na watano, na Mkuu wa arobaini na sita. Nimesubiri miaka thelathini na minne kufundisha jambo hili mara moja, na nimelifundisha uongo. Watalibeba hivyo hadi kwenye mtihani. Mkuu atalibeba hivyo hadi kaburini, na anaamini hatimaye amepata jibu lake.

"Hapana," nikasema. "Siyo hivyo. Atomi haina kutaka."

"Lakini tumeona, Mwalimu," akasema Mkuu. "Tumejaribu kila kitu."

Nikaweka kalamu juu ya karatasi ya Afisa.

"Mpigo wa tisa ulikuwa meno juu. Nilikiona. Akakifunika, nami nikaandika ubaoni kwamba amebaki mmoja. Yeye ni mtoto, mimi ndiye mwalimu. Yote yaliyoandikwa baada ya hapo ni uongo wangu, futeni."

Hakuna aliyefuta. Bomba lilikuwa linadondosha tone moja moja na kila mtu alilisikia. Afisa alibaki na mhuri wake hewani, hajui autue wapi.

"Mwalimu!" Sauti ya Mlingoti ya kuita ng'ambo ilikuwa imepasuka. "Kwa nini umesema? Hakuna aliyejua! Ilikuwa iwe mwaka mzima!"

"Najua."

"Nilitaka ubaki."

"Mimi nilitaka kuliko wewe, mwanangu. Ndiyo maana nilinyamaza. Lakini kutaka hakumo kwenye sura hii, na ndicho ninachokufundisheni."

Machozi yakamtiririka, na yangu pia, wala sikuyaficha. Miwani ikajaa ukungu. Nikashika kifutio, nikafuta kuanzia mpigo wa tisa kushuka chini. Vumbi la chaki likaingia kwenye shada la maua. Nyuma yangu nikasikia kalamu zinakwaruza, moja, halafu nyingi. Mkuu alikuwa anakata sentensi yake kwa mstari, polepole.

"Kaa chini, mwanangu," nikamwambia Mlingoti.

Alichelewa. Alikitazama kifuniko, akanitazama mimi, akakitazama tena. Kisha akakaa.

Nikaandika sifuri. Nikaweka chaki mezani, nikapangusa mikono kwenye sketi, nikaenda ukumbini kuimbiwa.